Damu ya Upande wa Mama

Nilipofika Kibarani kumzika Mama Katana, jeneza lilikuwa limekwisha teremshwa na watu walikuwa wakitupia udongo kwa viganja. Hakuna aliyenialika. Habari za msiba nilizipata Malindi kwa mama mmoja anayeniuzia maziwa, ambaye shemeji yake anakaa Kilifi, nikapanda gari asubuhi ile ile bila kumwambia mtu ninakokwenda. Marehemu alinipangisha chumba mwaka mzima nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, lakini sitajidai kwamba ni yeye aliyenipeleka. Nilikwenda kuona kama Kadzo, aliyekuwa mkwe wake, angekuja. Alikuja. Alisimama ng'ambo ya kaburi, kajifunga leso mbili, kichwa chake kimeota mvi kuliko changu ingawa tumelingana umri, na aliponiona alinipungia mkono kwa upole, kama mtu amwonaye rafiki wa zamani aliyemtendea mema. Upole ule ulinikata maini. Niliinamisha macho nikajifanya ninasoma dua.

Sitasimulia nilivyolelewa wala shule nilizosoma; hayo hayana uzito hapa. Nianzie kwenye chumba. Nyumba ya Mama Katana ilikuwa na vyumba vitatu chini ya paa moja la makuti, na kuta zake, kama kuta za nyumba nyingi za wakati ule, hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu aliyeinua mkono, na kutoka hapo hadi kwenye paa palikuwa wazi ili upepo upite. Upepo ulipita, na maneno yakapita nao. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Katana mwenyewe, cha kati cha mwanawe Katana na mkewe Kadzo na binti yao Sidi, na cha mwisho ndicho nilichopewa mimi, pamoja na kitanda cha kamba, godoro na meza iliyokuwa fupi mguu mmoja. Katana alitunza bustani katika hoteli moja kule Bofa. Alirudi jioni ananuka nyasi zilizokatwa. Kadzo alikuwa mtu wa Ganze, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na katika wiki ya kwanza tu tulikuwa tumezoeana hata tukachotea maji ndoo moja. Sidi alikuwa na miaka sita. Sauti yake ya kwanza niliyoisikia haikuwa maneno. Ilikuwa alfajiri, nimeamka kuswali, nikasikia mluzi mwembamba ukipanda na kushuka nyuma ya ukuta, nikadhani ni birika la maji linalochemka. Kilikuwa kifua chake.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa na mradi mdogo wa utafiti uliokodi nyumba nyuma ya mji. Mradi ule haupo tena, na wengi waliousimamia wametawanyika. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kwa nini watoto wa tumbo moja, wanaokula chungu kimoja, mmoja awe na pumu na mwingine asiwe nayo. Na kwa nini watoto wa mjini wabanwe na kifua kuliko wale wa bara ya Ganze, ilhali damu yao ukiipima utaona wana kingamwili za mzio tele, pengine kuwashinda wa mjini. Mkuu wetu, Daktari Mwero, alikuwa mtu wa sauti ndogo aliyependa kutufundisha kabla ya kututuma. Alituambia kwamba kingamwili za namna ile zimo mwilini tangu zamani kwa ajili ya minyoo na wadudu wa aina hiyo. "Ni kama mbwa wa boma aliyefunzwa kubwekea fisi," alisema. "Mahali ambapo fisi hayupo, mbwa haachi kubweka. Ataanza kuwabwekea wageni." Mgeni ni vumbi, ni unga wa mende, ni manyoya ya paka, ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro na mito. Zile kingamwili hujipachika juu ya chembechembe fulani zilizosheheni vifuko vya kemikali, nazo hukaa zikingoja katika ngozi, puani, katika njia za pumzi. Vumbi likigusa, vifuko vinapasuka, histamini inamwagika na wenzake, misuli ya njia za pumzi inakaza, kuta zake zinavimba, makohozi yanajaa, na mtoto anavuta hewa kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija.

Habari ya jeni aliieleza siku nyingine, naye aliisema polepole, akitutazama mmoja mmoja. Hakuna jeni moja ya pumu. Zipo nyingi, moja inahusika na jinsi ngozi na kuta za mapafu zinavyozuia vitu visipenye, nyingine na wingi wa kingamwili, nyingine na wepesi wa misuli kukaza, na kila moja inasukuma kidogo tu. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na nyingi katika hizo hulala kimya mpaka moshi, mafua au vumbi viziamshe. "Ukimsikia mtu anasema ugonjwa huu umetoka kwa fulani," alisema Daktari Mwero, "jua hakunielewa. Na ninyi ndio mtakaoingia majumbani mwa watu. Mkitoka hapa na nusu ya maneno yangu, mtaumiza." Niliyaandika katika daftari langu, nikayapigia mstari. Sina udhuru wa kusema sikuambiwa.

Familia ya Mama Katana iliingia katika utafiti kwa sababu yangu. Nilimwomba Kadzo, Kadzo akamwomba mumewe, na Mama Katana akakubali kwa vile Daktari Mwero aliahidi kwamba Sidi atatibiwa. Jumamosi moja asubuhi tulimkalisha Sidi kwenye mkeka barazani, nikampangusa mkono, nikatia matone sita kwa safu na kudonoa kila tone kwa ncha ya sindano. Tulingoja robo saa. Sidi aliutazama mkono wake kama unaota kitu. "Anti Rukia, huu umevimba," alisema, na baada ya muda kidogo, "na huu." Tone la wadudu wa vumbi lilikuwa limetoa kivimbe kikubwa, cheupe katikati na chekundu pembeni, kama ameumwa na nyuki. La mende vilevile. Nilipima kwa rula nikaandika. Daktari Mwero alimpa ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, watu wakiiita pampu, akamfundisha Kadzo namna ya kuitikisa na kuhesabu pumzi, akashauri mto wa usufi utolewe na godoro lianikwe juani kila wiki. Mama Katana alikuwa ameketi kizingitini anakuna nazi. Aliacha kukuna.

"Mto ule niliushona mimi," alisema. "Usufi wake niliuokota mwenyewe. Baba yake alilalia mto kama huo na hakufa."

"Hakuna aliyesema mto ni mbaya, mama," alimjibu Daktari Mwero. "Ni huyu mtoto tu hapatani nao."

Sidi alilalia leso iliyokunjwa tangu siku ile, na mto ukahamia chumbani kwa bibi yake.

Ilibaki karatasi ya ukoo. Kila familia ilichorewa ya kwake: duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume, mistari ya kuwaunganisha, na aliye na pumu au mzio anatiwa weusi. Niliichora ya kwao siku ya Ijumaa, tumeketi kwenye chakula, na chakula hicho nakikumbuka: sima, mboga chungu ya mchunga iliyopikwa kwa nazi, na papa mkavu ambaye Kadzo alimwosha mara tatu kupunguza chumvi. Nilianza na Mama Katana kwa heshima. Je, kwao kuna mtu aliyekuwa akibanwa na kifua? "Kwetu hakuna pumu," alisema. "Andika hivyo. Kwetu watu hufa kwa uzee." Nilimwangalia Katana. Alikuwa anamega tonge lake, akalimega tena, hakulitia mdomoni. Niliendelea. Kadzo alikunja vidole vyake akataja kwao bila kuficha hata mmoja: kaka yake anayekohoa wakati wa vumbi, shangazi anayewashwa mwili mzima akila kamba, binamu aliyefariki mdogo kwa kifua. "Na mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo," alisema, "lakini iliniacha." Nikatia weusi, mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza, upande wa baba ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa, na upande wa mama ulikuwa umejaa madoa. Aliyesema kweli ndiye aliyepakwa wino. Sasa naliona jambo hili wazi hata naona aibu kulieleza; siku ile niliona tu kwamba nimechora vizuri, mistari imenyooka.

Siku ya tatu Mama Katana aliingia chumbani kwangu nikiwa napiga pasi. Karatasi ilikuwa juu ya meza. Ilipasa iwe imefungiwa kabatini kule kazini, lakini nilitaka kuinakili upya. Aliishika kwa vidole viwili.

"Mwanangu, ninyi mliosoma. Haya madoa meusi ni nini?"

"Ni wenye ugonjwa, mama. Huonyesha namna ulivyopita katika damu."

"Na hawa wote ni wa kwao Kadzo?"

"Ndio."

"Na kwetu hamna."

"Kwa mlivyonieleza, hamna."

"Basi umetokea huko ukaingia kwa mjukuu wangu."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwamba karatasi inaandika yanayosemwa tu na si yaliyofichwa. Lakini nilikuwa msichana aliyeulizwa na mtu mzima jambo la kisomi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nikataka jibu langu liwe fupi na zuri. "Hiyo ndiyo njia yake, mama," nilisema. "Jeni hufuata ukoo." Akairudisha karatasi mezani, akailaza vizuri, akanishukuru, akatoka. Nikaendelea kupiga pasi.

Jumapili iliyofuata alasiri, joto limewafungia watu wote ndani, nilikuwa nimejilaza kitandani nikasikia maneno yakivuka juu ya ukuta. Kadzo alikuwa ameenda kisimani na Sidi.

"Hata wasomi wamechora, nimeona kwa macho yangu," Mama Katana alisema. "Damu ile ni ya kwao. Atakuzalia wa pili naye awe vivyo hivyo, na wa tatu. Utafanya kazi ya bustani mpaka lini, ukinunua dawa?"

"Mama, mtoto ni wangu pia."

"Ni wako. Sijasema umtupe. Mkeo na aende akapumzike kwao, na mwanawe, tuone."

"Tuone nini?"

"Katana, nani alikulea peke yake?"

Nilikitazama kipande cha anga kati ya ukuta na makuti, nikijua kwamba mtu mmoja tu katika nyumba ile angeweza kulikata neno lile papo hapo, na mtu huyo alikuwa mimi. Ningeinuka, nikavaa viatu, nikapiga hodi. Nikajiambia watatulia wenyewe. Nikajiambia mpangaji haingilii ya mwenye nyumba. Nikasikia Katana anasema, "Haya," neno moja, na mlango ukafungwa. Kabla wiki haijaisha Kadzo alifunga nguo zake katika leso, akaniambia kwamba anakwenda kwao kupumzika kidogo, na kwa namna alivyotabasamu nikaelewa kwamba hakuna aliyemwambia sababu. Sidi alinipa mkono kama mtu mzima. "Shikamoo, anti," alisema, akidhani ndilo neno la kuagana.

Ganze nilikuwa nikienda kwa gari la mradi mara mbili kwa mwezi, kwa sababu nusu ya familia zetu zilikuwa huko. Mara ya kwanza nilipofika kwa kina Kadzo nilikuwa na hofu ya kumtazama, lakini alitoka mbio kunilaki, akamwita Sidi, akamwambia akimbie mpaka kwenye zizi na kurudi. Sidi akakimbia. Vumbi likatimka nyuma yake, akarudi anahema kama watoto wote, na kifua chake kilikuwa kimya. "Sikiza," Kadzo alisema, akanivuta sikio langu hadi mgongoni kwa mtoto. "Hapigi mluzi. Huku halali kwenye godoro, analala mkekani nje ya jiko. Dada Rukia, labda Mungu alitutoa kule makusudi." Tukanywa uji wa mtama kwa kikombe kimoja, na kuna jambo lililolegea ndani yangu. Nilirudi Kilifi nimefurahi. Nikamweleza Daktari Mwero, naye akasema mambo ya namna hiyo huonekana, mtoto akihamishwa mahali pasipo na vumbi linalomdhuru, lakini kingamwili bado zipo damuni, hazisahau upesi. "Kitu kingine kinaweza kumwasha," alisema. "Asiachwe bila pampu hata siku moja."

Mara ya tatu nilipokwenda, Kadzo aliniletea pampu ile, akaitikisa karibu na sikio langu. Haikutoa sauti. "Imebaki kidogo sana," alisema. "Na baba ameanza kuchoma mkaa, mahindi yamekauka yote shambani, hana njia nyingine. Moshi ukigeuka unatufuata mpaka ndani." Nilimwambia nitamletea nyingine. Jumatatu Daktari Mwero alinipa pampu mpya ndani ya boksi lake, akasema, "Mpelekee." Niliitia katika droo ya meza yangu. Safari ya Ganze ilikuwa iwe Alhamisi. Alhamisi gari likaharibika. Wiki iliyofuata kukaja wageni wa mradi kutoka ng'ambo na gari likawa lao hadi Alhamisi. Jumamosi ya katikati nilikuwa na siku nzima. Basi la Ganze lilikuwa likiondoka Kilifi kila asubuhi. Nilijua linapoegesha, nilijua hata jina la utingo wake. Lakini binamu yangu alikuwa anaolewa Malindi, na nikaenda Malindi, nikapakwa hina mikono yote miwili hadi viwikoni, nikala pilau, nikaimba hadi sauti ikapotea. Kwa jumla pampu ilikaa katika droo yangu siku kumi na moja.

Tulipofika kwa kina Kadzo niliona watu wengi wameketi chini, nikadhani ni mkutano. Mamake Kadzo, ambaye nilizoea kumwita Hawe kama walivyomwita wajukuu wake, ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili chake kizito chenye Kigiriama ndani yake, wala hakulia. Juzi yake, upepo uligeuka mchana. Sidi akaanza kukohoa, kisha kupiga mluzi, kisha mluzi ukakatika. Na wasiojua hudhani kukatika kwa mluzi ni nafuu. Kadzo alimpulizia pampu tupu, mara nyingi, akihesabu kama alivyofundishwa. Kisha akambeba mgongoni akashika njia ya zahanati. Ni mwendo mrefu, hauna kivuli. Kilima cha kwanza Sidi alikuwa akimshika mama yake shingoni kwa nguvu. Kufika cha pili mikono ililegea. Zahanati ilikuwa imefungwa, muuguzi amekwenda kuchukua chanjo. Kadzo aliketi kizingitini na mwanawe mapajani mpaka mtu mmoja aliyepita na baiskeli alipomwambia kwamba amembeba maiti.

Nilimkuta Kadzo ndani, kaegemea ukuta. Mkoba wangu ulikuwa begani na pampu ilikuwa ndani yake. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono, na mikono yangu ilikuwa bado myekundu kwa hina. Aliitazama hina ile. Akanitazama usoni. "Nilijua walikunyima dawa," alisema taratibu, akinipapasa vidole kama kwamba mimi ndiye niliyefiwa. "Wangekupa ungeleta. Usijilaumu, dada." Nikainamisha kichwa, naye akakichukua kichwa changu akakilaza begani mwake.

Katana hakwenda matangani. Alikuja kazini kwetu wiki mbili baadaye, peke yake, na nguo zake za bustani, akaniomba nimpime mkono kama nilivyompima Sidi. Nilimtia matone sita. Hata robo saa haikufika. Mkono mzima ulikuwa umevimba, vivimbe vimeungana kama chapati iliyotoka mapovu. Aliutazama bila kushangaa. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimkalisha na kumwegemeza kwenye gunia la nazi ili apate kuhema, na kwamba ndugu yake mama, khalati wake wa tumbo moja na Mama Katana, alikufa kwa pumu akiwa mwari, na nyumbani waliamrishwa waseme ni homa, ili wasichana waliobaki wapate kuolewa.

"Ulikuwa unajua siku ile tukila," nilimwambia.

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama alikuwa ameketi pale." Akashusha mkono wa shati juu ya vile vivimbe. "Kwa hivyo ilitoka kwangu?"

Nikamwambia, kwa ufasaha kamili sasa, kwamba haikutoka kwa mtu mmoja, kwamba jeni ni nyingi, kwamba nusu huja kwa baba na nusu kwa mama na vumbi na moshi humalizia. Kila neno lilikuwa sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza, akaenda zake. Hakumrudia Kadzo wala hakumwomba radhi. Mwaka uliofuata mama yake alimtafutia mke mwingine. Nilichukua ile karatasi ya ukoo nikaongeza weusi upande wa baba, duara la khalati na mraba wa Katana. Kisha nikafika kwa Sidi, aliye chini kabisa, na sheria yetu ilikuwa kwamba aliyefariki hupigwa mstari wa mshazari. Nikapiga. Chupa yake ya damu ilibaki na nambari yake katika jokofu, na mwisho wa mwaka ilisafirishwa ng'ambo pamoja na nyingine. Mradi ulipofungwa Daktari Mwero alituambia kwamba familia zilikuwa chache mno, hakuna kilichoweza kusemwa kwa uhakika.

Niliifanya kazi ya maabara miaka yote iliyobaki, katika hospitali za mwambao huu, hadi nilipostaafu. Nimesoma kila nililoweza kulipata kuhusu mzio. Naweza kukieleza kifo kile hatua kwa hatua, tangu chembe ya moshi inapogusa ukuta wa njia ya pumzi hadi moyo unapokosa hewa, na kuna wanafunzi waliopasi mitihani yao kwa maelezo hayo. Walidhani nina moyo wa kufundisha. Hakuna siku nilipoisema habari hiyo bila kuona droo, na ndani ya droo boksi dogo ambalo halijafunguliwa. Mume wangu alikufa bila kujua. Wanangu hawajui. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba wakati huponya, nikatamani kumuuliza unauzwa duka gani wakati huo.

Baada ya maziko Kadzo alinitafuta. Tuliketi kwenye benchi nyuma ya nyumba, ambayo sasa ina mabati na kuta zilizofika juu, na mtu akatuletea chai na mandazi. Aliniambia alimzika Mama Katana kwa sababu mwishoni bibi yule alimtumia ujumbe wa kutaka radhi, naye akampa. "Sikutaka kufa na kinyongo," alisema. "Na pia nilijua zamani kwamba Katana alikuwa na kifua. Mke hukosaje kujua? Nilinyamaza nisimwaibishe mbele ya mama yake. Nikaachwa hata hivyo." Alicheka kidogo. Halafu akanishika goti. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukija, dada Rukia. Watu wote walinitupa, wewe ulikuwa ukija. Huwa nawaambia wajukuu wa kaka yangu, kulikuwa na msichana mmoja wa Malindi, aliomba dawa ya Sidi wakamnyima, akaja analia."

Sijui kwa nini sikuweza kuyabeba maneno yale dakika moja zaidi, baada ya kuyabeba miaka yote ile. Labda ni kwa sababu alikuwa amewapa watoto wadogo uongo wangu kama kisa cha wema. Nikamwambia. Nilimwambia Jumatatu niliyopewa, nikamwambia droo, nikamwambia siku kumi na moja, nikamwambia Jumamosi ya harusi na basi lililoondoka bila mimi. Nikamwambia pia yale niliyomjibu Mama Katana nikiwa napiga pasi. Sikuomba msamaha mpaka nilipomaliza yote.

Kadzo aliuondoa mkono wake gotini pangu. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuinua akauweka mapajani mwake, juu ya mwingine. Akawatazama wanawake waliokuwa wakiosha masufuria.

"Ilikuwa imejaa?" aliuliza.

"Ilikuwa mpya."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayepiga hesabu ambayo alikuwa ameimaliza zamani na sasa amerudishiwa. "Nilipokuwa njiani nimembeba," alisema, "nilikuwa nikimwambia, vumilia mwanangu, anti Rukia hana. Angekuwa nayo angekuwa amekwisha fika. Ndilo lililonipa nguvu za kutembea, kwamba hakuna kitu mahali popote ambacho kingeweza kufanywa."

Kisha akasimama, akajifunga leso yake ya juu, akaniambia niende salama. Chai yake hakuinywa. Nilimwona akiingia ndani ya nyumba kuwaaga wafiwa, na alipotoka alipitia upande wa pili.

Nimempigia simu mara nne tangu siku ile. Inaita.